Kantha: Jinsi mshono wa matambara ulivyopanda hadi kwenye sari

Neno nakshi unalijua. Uliliona chini ya picha za milango ya Lamu, ama mwalimu wa fasihi alilitumia kusifu lugha iliyopambwa ukawa unasinzia. Sasa safiri nalo mpaka Bengal, ile sehemu ya mashariki ya India pamoja na nchi jirani ya Bangladesh. Huko ukisema "nakshi" utaeleweka bila mkalimani, kwa sababu wao pia wanalo na maana ni ile ile. Sisi lilitufikia kutoka kwa Waarabu, wao wakalipata kupitia Kiajemi.

Na kitu kinachobeba jina hilo kwao kuliko vyote ni nakshi kantha. Kantha ni neno la zamani la Kisanskriti, maana yake nguo ya viraka, matambara. Kwa hivyo ukitafsiri mbiombio unapata "tambara lenye nakshi". Shika hapo. Leo ukiingia duka la nguo za heshima Kolkata au Dhaka, sari iliyotariziwa kantha mwili mzima inaning'inizwa mbali na vidole vya watu, na bei yake inaweza kukufanya uirudishe pole pole kama mtu ambaye hakuwa anauliza. Mimi nilitaka kujua mambo mawili tu. Tambara lilipandaje cheo hivyo? Na mama aliyelishona, alipanda nalo?

Tuanze na tambara lenyewe. Sari ni kitambaa kimoja kirefu, mita tano na nusu hivi, hakina zipu wala kifungo. Ya pamba ikivaliwa na kufuliwa miaka nenda miaka rudi inalainika kama shavu la mtoto, halafu inaanza kutoboka. Katika nyumba ya mkulima wa Bengal ya zamani, kitu kama hicho hakikutupwa. Mama alikusanya sari tatu, nne, wakati mwingine hata saba, akazitandaza sakafuni moja juu ya nyingine, akazinyoosha kwa viganja, akazibana pembe zisihame. Kisha akazishona zote ziwe kitu kimoja. Uzi je? Hakununua. Alichomoa nyuzi za rangi kwenye pindo za sari hizo hizo kuukuu, nyekundu, buluu, nyeusi, akazitia kwenye sindano. Yaani hata uzi ulikuwa mtumba.

Mshono wenyewe utakushangaza kwa wepesi wake. Sindano inaingia, inatoka, inaingia, inatoka. Basi. Fundi wa mtaani kwenu anauita bandi, ule mshono wa haraka wa kushikiza kitambaa kabla hakijapitishwa kwenye cherehani, na akishamaliza kazi anaufumua. Kwetu ni mshono wa kutupwa. Wabengali waliuchukua huo huo wakachorea samaki, ndovu, mitumbwi na jua. Walianza katikati kwa yungiyungi kubwa lililofunguka petali zote. Pembeni wakaweka miti, au lile umbo ambalo kwenye leso tunaliita korosho, wao wanaliita kalka. Halafu ile nafasi nyeupe iliyobaki wakaijaza kwa bandi vilevile, mistari ikifuata umbo la picha, mmoja nyuma ya mwingine. Hapo ndipo uchawi ulipo. Uzi ukivutwa kidogo kila mstari, kitambaa kinajikunja kwa mawimbi madogo madogo, kama ziwa upepo unapopita juu yake. Ukipitisha mkono unayasikia.

Zilikuwa na kazi nyingi. Kubwa zilikuwa za kujifunika usiku wa baridi. Nyingine zilikuwa za kumkalisha mgeni, za kufungia kitabu, za kuwekea kioo na kitana. Mtoto akizaliwa alilazwa kwenye kantha ya sari zilizochakaa za akina mama wa nyumba hiyo, na wengi waliamini kitambaa kilichochoka hivyo kinamkinga na kijicho. Nikiwaza, naona mantiki. Nani ataonea wivu mtoto aliyevishwa matambara?

Lakini kilichonikamata mimi ni mambo ambayo wanawake hao waliyaweka ndani. Wengi hawakufundishwa kusoma. Hakuna aliyewapa daftari. Kwa hivyo ukiangalia kantha za karne ya 19 unakuta garimoshi, ambalo enzi hizo lilikuwa kitu kipya kabisa. Unakuta askari wenye bunduki, bibi harusi akibebwa kwenye machela, makasi ya kukatia popoo, kitana, pete. Vitu alivyoviona, na vitu alivyovitamani. Kuna moja maarufu iliyoko Jumba la Makumbusho la Gurusaday, pembeni mwa Kolkata, iliyoshonwa na mwanamke anayeitwa Manadasundari. Kati ya picha zake kuna wanajeshi wa Mwingereza, na yeye ameandika kwa uzi kwamba kazi hiyo ameifanya kwa mikono yake mwenyewe kwa ajili ya baba yake. Hebu fikiria. Mwanamke wa Bengal ya wakati ule, ambaye pengine hakuna karatasi yoyote ya serikali iliyomtaja, jina lake tunalijua kwa sababu alilishona.

Mwaka 1929 mshairi Jasimuddin alichapisha utenzi uitwao Nakshi Kanthar Math, na ndio uliosaidia sana jina la nakshi kantha kuenea. Ni hadithi ya mapenzi ya kijijini. Msichana anabaki peke yake bila mumewe, anakaa chini anashona maisha yao yote kwenye kantha, tangu furaha mpaka kilio, na anaomba akifa itandazwe juu ya kaburi lake. Sitakuharibia zaidi ya hapo.

Ukilelewa Kenya labda hili halikushangazi sana. Unavijua vile vitambaa vya mama vya sebuleni, vyeupe, vya kufumwa kwa mkono, vilivyotandikwa kwenye kila kochi na juu ya televisheni, na ole wako ukivikalia na jasho la mpira. Umewahi kumuuliza alivifuma lini? Alikuwa anawaza nini? Mimi sikuwahi. Nilijua tu havikaliwi.

Turudi Bengal, na hapa nitaenda mbio. Viwanda vilipoleta blanketi na nguo za bei rahisi, kantha ikaanza kufifia. Waliostuka walikuwa wachache. Gurusaday Dutt, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyezaliwa Bengal, alizunguka vijijini miaka ya 1930 akizikusanya, na ndiye ambaye jumba lile la makumbusho limebeba jina lake. Stella Kramrisch, mwanahistoria wa sanaa aliyetoka Austria na kufundisha Kolkata miaka mingi, alikusanya zake ambazo leo ziko Philadelphia, Marekani. Na Shantiniketan, mahali ambapo Rabindranath Tagore alianzisha chuo cha Visva-Bharati mwaka 1921, walimu na wanafunzi wa sanaa wakaanza kuitazama kazi ya mikono ya vijijini kwa macho ya heshima. Kutoka mazingira hayo, mshono wa blanketi ukaanza kuhamia kwenye nguo za kuvaa.

Mwaka 1947 Bengal ikakatwa vipande viwili, mmoja ukabaki India, mwingine ukawa Pakistan ya Mashariki. Mwaka 1971 upande huo ukapigana vita vikali ukawa Bangladesh, na vita vikaacha wanawake wengi bila mume, bila shamba, bila kitu. Wana nini mkononi? Sindano. BRAC, shirika lililoanza mwaka 1972 (ndio hao hao walioko Uganda na Tanzania), lilifungua maduka ya Aarong mwaka 1978 ili kazi za mikono za vijijini zipate mnunuzi wa mjini. Upande wa India, miaka ya 1980, mwalimu wa hisabati wa Kolkata, Shamlu Dudeja, akaanza kuwapa wanawake sari mpya za hariri wazitarizi kwa kantha. Soko likaitika. Siku hizi ukimtajia mtu wa Kolkata kantha, kuna uwezekano mkubwa anawaza sari kabla ya blanketi.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka, na ndipo mimi ninapotaka ukae na mimi kidogo.

Kwenye kantha ya zamani mshono ulikuwa na kazi. Ulishikilia matambara yasiachane. Ukiuondoa, blanketi linabaki rundo la vitambaa. Kwenye sari ya hariri, kitambaa ni kimoja na ni kipya. Hakuna kinachoshikiliwa. Mshono umebaki pambo tu, nakshi kwa maana yake kamili. Uzi nao umenunuliwa dukani. Na picha haitoki tena kichwani mwa mshonaji. Mchoraji anachora kwenye karatasi nyembamba, anaitoboa kwa sindano kufuata michoro, anailaza juu ya sari, halafu anapitisha kitambaa kilicholowa mafuta ya taa yaliyochanganywa na unga wa rangi. Karatasi ikiinuliwa, sari imebaki na vitone vidogo. Mshonaji anafuata vitone. Manadasundari alimshonea babake. Huyu wa leo anamshonea mtu ambaye hatamwona maishani, na jina lake halitashonwa popote.

Silalamiki, elewa. Picha nyingine za kisasa ni kali kuliko za zamani, na mtu haishi kwa kumshonea babake. Ila tukubaliane kwamba kazi imebadilika, na kazi ikibadilika lazima tuulize malipo.

Sari ikishapigwa vitone inakunjwa, inaenda kijijini. Sehemu kubwa ya kazi hii India inafanyika wilaya ya Birbhum, vijiji vya kuzunguka Bolpur na Nanoor, na wengi wa washonaji huko ni wanawake Waislamu wanaofanyia kazi nyumbani. Hana meza wala fremu ya kukaza kitambaa. Anakaa barazani, sari magotini, anashona chakula kikiwa kimeliwa na vyombo vikiwa vimeoshwa.

Sasa toa simu yako tufanye hesabu, na hii ni yangu mwenyewe, ya mtaani. Sari ina mita 5.5. Chukulia kila mshono pamoja na nafasi yake unameza milimita 5. Mstari mmoja kutoka mwisho hadi mwisho ni mishono 1,100. Upana ni kama mita 1.1. Mistari ikipishana kwa milimita 5, unapata mistari 220. Zidisha. Mishono 242,000. Mpe mama huyo mwendo wa mishono 12 kwa dakika bila kuinua kichwa: ni saa 336. Akipata saa tatu kila mchana, atamaliza baada ya siku 112. Karibu miezi minne, na hatujahesabu mtoto kuugua, msimu wa kuvuna mpunga, harusi ya jirani, wala siku ambayo macho yamegoma. Kweli si kila sari inajazwa kote, nyingine zinapambwa pindo na ile ncha ya kutupia begani tu. Lakini zile zilizojazwa, washonaji wenyewe wanazihesabu kwa miezi, si kwa siku.

Malipo ni ya kipande. Hakuna anayehesabu saa. Kwa hivyo chukua kiasi chochote atakacholetewa na wakala siku ya kukabidhi, hata kama kwa macho kinaonekana doo ya maana, kigawe kwa 336. Halafu kumbuka kati yake na mvaaji kuna wakala, mwenye uzi, mchoraji, mwenye duka, na siku hizi mwenye ukurasa wa mtandaoni aliyempiga mwanamitindo picha. Kila mmoja ana mkono. Wasusi wa vyondo kule Ukambani hawahitaji kuelezwa jambo hili. Wanalijua kwa vidole.

Upande wa pili upo pia, na si haki kuuficha. Kwa mwanamke ambaye kutoka kwenda kutafuta kibarua mbali ni vita nyumbani, hela inayoingia akiwa barazani kwake ni hela yake. Anailipia karo. Anaweza kumwambia mumewe hapana. Kuna waliopanda kutoka kushona mpaka kugawa kazi kwa wengine na kuchora wenyewe. Pritikana Goswami alifiwa na babake akiwa bado msichana, akaingia kwenye kushona ili nyumbani kuliwe. Baadaye akawafundisha wanawake wengi, na mwaka 2023 serikali ya India ikampa Padma Shri, mojawapo ya nishani kubwa za raia huko. Mwaka uliofuata ikampa Takdira Begum, naye wa kantha, naye wa Bengal Magharibi. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, na bado kuna shangazi hunipokea kwa swali la cheti kabla hata ya chai. Siku hizi ninawataja hawa wawili kisha nasubiri chai.

Lakini nishani mbili haziondoi tishio, na tishio lenyewe lina sura ya mashine. Kuna vitambaa vinavyouzwa kwa jina la "kantha" ambavyo havijaguswa na sindano. Vimechapishwa rangi kuiga vistari vya mshono, ukiviona kwa picha ya simu hutagundua. Kuna vingine vimetariziwa na mashine, vistari vyote urefu sawa kama meno ya bandia. Mashine inamaliza sari kabla chai haijapoa. Nakshi kantha ya Bengal Magharibi ilisajiliwa India mwaka 2008 kama bidhaa inayolindwa kwa jina la mahali inakotoka. Ni jambo zuri. Ila usajili unalinda jina. Haumpangii mtu mshahara, na kama mshahara hautoshi, binti ya mshonaji anaangalia mgongo wa mamake ulivyopinda, anatafuta kazi ya duka la simu mjini. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mimi ningekuwa nimeondoka jana.

Kwa hivyo siku utakapokutana na kitu kinachoitwa kantha, iwe sari, skafu au shuka, mtandaoni au mezani kwa mchuuzi, usianze na bei. Kigeuze. Kama nyuma ni tupu na mbele kuna vistari, hiyo ni rangi, rudisha. Kama kuna uzi, angalia vistari. Mkono wa binadamu hauwezi kurudia urefu ule ule mara laki mbili. Utaona huu mrefu kidogo, huu mfupi, hapa pengine alipandwa na usingizi. Tafuta vifundo ambapo uzi uliisha akaanza mwingine. Pitisha kiganja utafute yale mawimbi. Halafu muulize muuzaji swali moja tu, limeshonwa wapi na nani. Anayejua atakujibu, tena kwa raha. Asiyejua atakuambia limeshonwa "na akina mama" kisha atataja punguzo la bei.

Na kama huna mpango wa kununua chochote mwezi huu, kama sisi wengine, jumba la sanaa la Philadelphia limeweka picha za kantha zake mtandaoni. Zitafute, vuta picha karibu mpaka uone uzi mmoja mmoja.

Onyo moja dogo kuhusu hilo la kugeuza nguo. Washonaji mabingwa wana aina wanayoiita dorukha, yaani yenye nyuso mbili. Sindano inapitishwa kwa namna ambayo picha inatoka sawa pande zote, vifundo vimefichwa katikati, rangi zote mahali pake. Ukiipata hiyo utaigeuza, utaigeuza tena, na hutajua uko mbele au nyuma.